Nati ya Spana Namba 12

Kitu cha kwanza kumshinda kaka yangu kilikuwa nati. Alikuwa fundi umeme wa magari, gereji yake Ngamiani, Tanga, chini ya mwarobaini, na katikati ya mwaka 2017 akaanza kulalamika kwamba nati za spana namba 12 zinateleza. Akalaumu grisi. Akamlaumu kijana wake wa kazi kwamba anazirudisha kwenye kopo bila kuzifuta. Mkono hakuushuku hata kidogo. Mkono ule wa kulia ulikuwa umelisha nyumba yake miaka 26.

Siku ya Idi Kubwa nilikwenda kwao mapema kusaidia pilau, nikamkuta wifi anamfunga kifungo cha kanzu. Nikawatania, "Haya, mapenzi ya uzeeni hayo." Wifi hakucheka. Kaka akaninyooshea mkono tusalimiane, ndipo nikaona: ile nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada imebonyea, kama mtu ameichota kwa kijiko. Na juu ya kiwiko, chini ya ngozi, misuli inacheza. Mkono wenyewe kautuliza, misuli inacheza peke yake, pole pole, kama maji ya sufuria kabla hayajachemka.

Safari ya kulifikia jina la ugonjwa niipite haraka, maana kila mwenye mgonjwa wa namna hii ana yake na zote zinafanana. Kiharusi, wakasema. Kisha wakasema shingo, akavishwa kola miezi mitatu. Sindano za vitamini. Kombe alikunywa, nami sioni ubaya. Lilimtuliza na halikumdhuru, jambo ambalo siwezi kulisema kwa kila tulichomfanyia. Machi 2018 ndipo tulipofika Dar es Salaam kwa daktari wa mishipa ya fahamu, mwanamke kijana, akamchoma visindano vyembamba vya kupimia umeme wa misuli: mkononi, mguuni, mgongoni, hata kwenye ulimi. Akaitazama michoro, akafunga mlango, akatuambia ni ALS.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, lakini siku ile aliyeelewa mapema ni kaka. Daktari alieleza kwamba amri ya kusogeza kidole hutoka kwenye seli za neva za ubongo, hushuka kwenye uti wa mgongo, hapo hupokewa na seli nyingine, na hizo ndizo zinazoifikisha kwenye msuli. Katika ugonjwa huu seli za makundi yote mawili hufa, na msuli usiopata amri hunywea.

"Yaani nyaya," kaka akasema.

Ndiyo, nyaya.

"Betri nzima, taa nzima, waya ndio umeungua."

Daktari akakubali.

"Basi nibadilishieni nyaya." Yule daktari hakucheka wala hakumwonea huruma. Alimjibu kama fundi anavyomjibu fundi: hazipo.

Wiki hiyo hiyo Stephen Hawking, yule mwanafizikia Mwingereza, alifariki. Tulikuwa gesti Kariakoo, televisheni ya mapokezi inamwonyesha kwenye kiti chake, na mtangazaji anaeleza kwamba aligunduliwa na ugonjwa huu mwaka 1963 akiwa na miaka 21, na amekufa ana 76. Kaka alipiga hesabu pale pale. Miaka 55. Yeye alikuwa na 49, kwa hiyo atafika 104. Aliisema kwa utani, mhudumu akacheka. Kesho yake kwenye basi la kurudi, tulipopita Chalinze, akaniuliza taratibu kama inawezekana. Daktari alikuwa ameniambia kwamba wengi huishi kati ya miaka miwili na mitano tangu dalili zianze, na wachache sana hupita kumi. Nikajifanya nimesinzia.

Dawa tuliyoweza kuipata ni moja, riluzoli, vidonge vya miligramu 50 mara mbili kwa siku. Marekani waliiidhinisha mwaka 1995, na katika majaribio iliongeza maisha kwa miezi miwili mitatu hivi. Kazi yake ni kupunguza glutameti, kemikali ambayo seli za neva huitumia kusisimuana. Dhana ni kwamba katika ugonjwa huu seli husisimuliwa kupita kiasi hadi zinaungua. Msomaji ashike hilo, nitalirudia.

Kaka aliichukulia ALS kama uvivu wa mkono. Tuliporudi Tanga akaanza kubeba madumu ya lita 20 kutoka bombani, asubuhi na jioni, akisema misuli inataka kazi. Vijana wa mtaani wakawa wanamhesabia. Wiki ya tatu akaanguka na dumu mlangoni, akang'oka jino, na kuanzia siku ile mkono uliokuwa unafika kichwani ukawa haufiki tena. Sisemi dumu ndilo lililouua. Ungekufa tu. Lakini alikuwa na miezi kadhaa ya kujichania nywele mwenyewe, na nadhani tuliitumia yote kwenye yale madumu.

Hapo familia ikageuka upande wa pili. Apumzike. Asiguse kitu, asiende gereji, hata glasi ya maji apelekewe. Miezi miwili ya kupumzika ikamkakamaza bega hadi akawa analia tukimvua shati. Tulitoka kosa moja tukaingia jingine, na hili la pili lilionekana la upendo zaidi.

Aliyetutoa huko ni kijana mmoja wa fizio, mpole, mikono mipana kama ya mvuvi. Kanuni yake ilikuwa fupi. Ukimaliza mazoezi na nusu saa baadaye bado umechoka, ulizidisha. Kesho yake misuli ikiuma, ulizidisha. Dakika 15 asubuhi, dakika 15 jioni, basi. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Vivian Drory na wenzake kule Tel Aviv walichapisha mwaka 2001 jaribio la kiasi hicho hicho cha mazoezi kwa wagonjwa 25. Baada ya miezi mitatu waliofanya mazoezi walikuwa wamedhoofika kidogo kuliko wasiofanya. Ilipofika miezi sita tofauti ikawa haithibitiki tena. Miezi mitatu. Mtu mzima wa afya anaweza kuidharau. Sisi tulikuwa tumeshaanza kuhesabu maisha kwa wiki.

Sababu yenyewe ni rahisi ukieleweshwa. Kila seli ya neva ina nyuzi zake za msuli. Seli zikifa, zilizobaki huchukua nyuzi za marehemu na kufanya kazi ya wengi. Ukizilazimisha zibebe dumu, unamkamua aliyebaki zamu peke yake. Kwa hiyo msuli unaoweza kuinua kiungo chake wenyewe hupewa kazi nyepesi. Usioweza hunyooshwa na mtu mwingine, ili kifundo kisigande. Mimi na wifi tulifundishwa kuzungusha bega: mkono mmoja chini ya kiwiko, mwingine kwenye kifundo cha mkono, taratibu, na kamwe usimnyanyue mgonjwa kwa kumvuta makwapani. Hilo la makwapani ningependa lingeandikwa ukutani katika kila nyumba yenye mgonjwa. Bega lisilo na misuli linatoka mahali pake kama mguu wa kuku aliyechemka.

Na bahari. Jumamosi tulimpeleka Raskazone, tukichungulia maji kwanza, maana yakiwa bamvua hayafai. Tuliyataka ya kiunoni. Yakifika kifuani yanambana pumzi. Mchangani alikuwa hawezi hatua 20, mguu wa kulia unaburuza vidole. Ndani ya maji alitembea kutoka ngazi hadi kwenye boya na kurudi, nimemshika mkanda tu. Mguu ule unaoburuza aliupatia dawa mwenyewe: alimwamuru mwanawe akate tyubu ya baiskeli, upande mmoja aushonee kwenye ncha ya kandambili, mwingine aufunge chini ya goti, mpira ukawa unavuta vidole juu kila anapopiga hatua. Yule wa fizio alipouona aliomba apige picha.

Mashine ya kusisimua ubongo kwa umeme ililetwa Januari 2019 na binamu yetu anayefanya kazi Muscat. Alikuwa ameona video ya mtu anayenyanyua kikombe. Ilikuwa kisanduku kidogo kama redio ya mfukoni, betri ya volti 9, nyaya mbili, sifongo mbili za kulowesha kwa maji ya chumvi, na mkanda wa kuzifunga kichwani. Inapitisha umeme wa miliampea 2 kwa dakika 20. Usichanganye na zile mashine kubwa za sumaku za hospitalini, ambazo zilianza Sheffield mwaka 1985 pale Anthony Barker na wenzake walipoweka koili juu ya kichwa cha mtu na kidole chake kikaruka bila kuguswa. Zile zinaweza kuiamuru seli ifyatuke. Hii yetu inazisogeza seli tu: chini ya sifongo ya chanya zinakuwa nyepesi kuamka, chini ya hasi zinakuwa nzito. Hivyo ndivyo inavyoelezwa kwa jumla.

Nikamweleza kaka hayo yote, nikijiona mwalimu kweli. Akanyamaza, kisha akasema, "Ulisema nyaya zangu zinaungua kwa moto mwingi. Vidonge vinapunguza moto. Sasa hii, mwalimu, mnaongeza au mnapunguza?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kulitafuta, na nilichokuta ni kwamba wenye taaluma wenyewe walikuwa wanaelekea pande mbili. Kule Roma, Vincenzo Di Lazzaro na wenzake walitumia sumaku kwa namna ya kupunguza msisimko, siku tano mfululizo kila mwezi. Majaribio madogo ya mwanzo yalitia moyo. Wakafanya jingine la mwaka mzima kwa wagonjwa 20, nusu wakiwekewa mashine ya kweli na nusu ya uongo, na matokeo ya 2009 yakaonyesha kwamba walidhoofika sawasawa. Mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio matatu ya sumaku yaliyofaa kukusanywa, jumla ya watu 50, yakasema ushahidi hautoshi. Baadaye mwaka huo wa 2019 madaktari wa Brescia, Italia, walichapisha jaribio la wagonjwa 30, wiki mbili, safari hii umeme mdogo kama wetu, wa kuongeza msisimko kwenye ubongo pamoja na elektrodi nyingine kwenye uti wa mgongo, na wakapata nguvu imeongezeka kiasi. Roma wanapunguza, Brescia wanaongeza. Swali la fundi wa Ngamiani lilikuwa halali kabisa.

Daktari wa Dar es Salaam nilimpigia. Akasema hana ushahidi kwamba inasaidia, hawezi kutushauri tuitumie, na kwamba kama ana kifafa au chuma kichwani tusithubutu. "Na mkiamua kufanya, andikeni kila kitu." Binamu naye akasema neno ambalo familia nzima ililirudia: tunapoteza nini?

Kuandika kulimpendeza kaka. Daftari lilikuwa lake kabla halijawa letu. Tangu aanze fizio alikuwa anaandikisha vitu vitatu kila Jumapili: sekunde za kuzungusha nati ya namba 12 kwa vidole hadi mwisho wa bolti, dakika za kutoka kitandani hadi uani, na tarakimu anazoweza kuhesabu kwa sauti kwa pumzi moja. Hilo la tatu alipewa na yule kijana wa fizio. Halikumsisimua, alilifanya kwa kuwa ameambiwa.

Mtego wa mashine alitunga yeye. "Mteja ukimwambia umembadilishia plagi," alisema, "anaendesha mpaka Pongwe na kurudi, anakuambia gari limekuwa jepesi. Hata kama plagi ni zile zile." Kwa hiyo asijue. Mwanawe awe anarusha shilingi kila Jumatatu, kichwa ni wiki ya kweli, mwenge ni wiki ya uongo, aandike kwenye karatasi na kuitia kwenye bahasha. Mashine ikae nyuma ya kiti. Katika wiki ya uongo iwashwe nusu dakika, ule muwasho kama wa sisimizi usikike, kisha izimwe kimyakimya. Hata kwenye wiki ya kweli muwasho hupotea baada ya muda mfupi, kwa hiyo hakuwa na namna ya kujua. Nilifundisha njia ya majaribio ya kisayansi miaka 18, na sijapata kuiona ikielezwa vizuri namna ile.

Mkono wa kulia ulikuwa umeshakwisha, hivyo nati ilizungushwa na wa kushoto. Wiki ya kwanza sekunde 41. Ya pili 39. Ya tatu 34! Wifi alipiga kigelegele. Tukampigia binamu, akalia kwenye simu. Shangazi wa Korogwe akatuma kuku wa sadaka. Ya nne 36, ya tano 40, ya sita 45, ya saba 52.

Bahasha tulizifungua sebuleni. Wiki ya tatu ilikuwa ya uongo. Ukizipanga za kweli upande huu na za uongo upande ule, hazikutofautiana. Wifi alimtazama mwanawe kama vile yeye ndiye aliyeiiba. Kaka akachukua nati mezani, akaigeuzageuza.

"Nilikuwa nimeizoea tu," akasema. Maisha yake yote alifunga nati kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa unajifunza kazi, na kwa wiki tatu ulijifunza haraka kuliko ugonjwa ulivyokula.

Kama yangeishia hapo nisingeandika. Tungekuwa tumepoteza nauli na jioni kadhaa.

Tuliiacha mashine kabla ya wiki ya nane kwa sababu kaka alikuwa anaamka na kichwa. Kilianza wiki ya nne au ya tano. Kizito, mbele na nyuma, kinaisha akishakunywa chai. Mchana anasinzia kwenye kiti, hata mbele ya wageni. Wifi alisema ni ule umeme. Nami nikasema ni ule umeme. Sifongo zilikaa kichwani na kichwa ndicho kinachouma, nani angetafuta zaidi? Tukaiacha. Siku nne za kwanza tukaona nafuu, kwa sababu tuliitaka. Kichwa kikarudi. Tukasema ni mabaki, umeme unachukua muda kutoka. Nimeyasema hayo mimi, kwa mdomo wangu, mwalimu wa baiolojia wa kidato cha nne. Tuliyasema kwa wiki kumi.

Mwishoni mwa Mei yule wa fizio alikuja, akaomba daftari. Hakutazama nati. Alishusha kidole kwenye ile safu ya tatu, ambayo hakuna aliyeisoma tangu Januari: 31, 27, 22, 19, 16. Alikuwa anahesabu hadi 31 kwa pumzi moja, sasa anaishia 16. "Hii mliiona?" Akamwuliza wifi analalaje. Wifi akasema vizuri tu, amemwongezea mto. Mingapi? Mitatu, kwa ajili ya kikohozi.

Akaomba tuiondoe yote, kaka alale chali, shati wazi. Nilisimama miguuni pa kitanda. Mtu akivuta pumzi tumbo hupanda. Watoto wa darasa la sita wanalijua hilo. Kaka alivuta, na tumbo likazama ndani. Akatoa, likapanda. Mara tatu nne hivi, kisha akaomba aketishwe haraka.

Kiwambo, ule msuli wa kuvutia pumzi, kilikuwa kinakufa. Akilala, pumzi haitoshi, hewa chafu inajaa kwenye damu usiku kucha, na asubuhi kichwa kinauma hadi akae wima na kupumua vya kutosha. Umeme wa binamu haukuhusika kwa lolote. Lakini tuliupachika mwilini mwake, na kuanzia hapo kila jema likawa lake na kila baya likawa lake, na dalili iliyokuwa inapiga hodi kila asubuhi tukaipa jina la mashine. Hilo ndilo tulilopoteza, kama binamu anauliza. Siku 70 za usingizi.

Nilichokisoma baada ya hapo nakikumbuka kwa tarakimu. Mwaka 2006 Stephen Bourke na wenzake wa Newcastle walichapisha jaribio la barakoa ya kupumulia usiku, mashine inayosukuma hewa kupitia pua au mdomo. Wagonjwa 41. Wale ambao misuli ya koo lao haikuwa imeharibika sana, waliovaa barakoa waliishi siku 205 zaidi kwa wastani wa katikati, na walilala vizuri. Siku 205 kwa hewa tu. Hakuna aliyetutumia video yake.

Aliyetupatia mashine hiyo, iliyotumika, ni binamu yule yule wa Muscat. Nasema hivyo kwa kuwa watu wakisikia habari hii humgeuza kuwa mjinga wa kisa. Alichotaka ni kusaidia, na alipoambiwa kinachosaidia alikituma ndani ya siku tisa. Usiku wa kwanza kaka aliitoa barakoa mara tano. Wa nne alilala hadi alfajiri. Akaamka, akakaa kimya kitandani akisikilizia kichwa chake, kisha akadai chapati za jana.

Taabu ikawa umeme wa nyumba, unaokatika. Hapo gereji ikahamia chumbani. Ulimi wake ulikuwa umeanza kuwa mzito, maneno yanatoka na mate, lakini aliketi kwenye kiti cha magurudumu akamsimamia mwanawe kufunga betri ya N70 na inveta chini ya kitanda. "Nyekundu kwanza!" Kijana alipokosea nati, akarudishwa mwanzo. Kaka ndiye aliyegundua kwamba kichemshia maji cha ile mashine, kile cha kulainisha hewa, ndicho kinachokula moto. Kikizimwa, betri moja inafika asubuhi. Kijana siku hizi ndiye mwenye gereji.

Mwaka 2020 binamu alituma kitu kingine tena: kifaa cha kushtua kiwambo kwa umeme, kinachopandikizwa kwa upasuaji. Marekani walikiruhusu kwa ALS mwaka 2011. Safari hii nilitafuta kabla ya kumwambia yeyote. Uingereza walikuwa wamekijaribu kwa wagonjwa 74, wote wana barakoa, nusu wakaongezewa kifaa. Matokeo yalichapishwa 2015: wenye barakoa peke yake waliishi miezi 22.5 kwa wastani wa katikati, walioongezewa kifaa miezi 11. Nilimsomea kaka.

Akanitaka nirudie. Nikarudia.

"Na wao," akasema, neno moja moja, "walijua wanasaidiwa."

Alifariki Aprili 2021, mwezi wa Ramadhani, kabla ya daku. Alikuwa nyumbani, barakoa usoni, wifi amemshika ule mkono wa kushoto.

Mwaka jana mama mmoja wa Muheza alinipigia. Amepewa namba yangu na mtu wa mtu, amesikia ninayo mashine ya ubongo, mumewe ana ugonjwa kama wa kaka, mwaka wa pili sasa, anaomba nimuuzie au hata nimkodishe. Mashine ninayo. Iko kabatini, sifongo zimekauka kama ukoko. Nikamwambia tutaizungumza. Nikamwuliza kwanza mumewe anaamkaje asubuhi, na analalia mito mingapi.

Akasema, "Ngoja, shoga." Nikasikia ndara zikivuka sebule, mlango ukifunguliwa, kisha sauti yake ya mbali, inahesabu.